Nyonga 44, kiuno 39: namna ya kukabili uzito baada ya kukoma hedhi

Mi sikugundua kwenye mzani, niligundua kwa fundi cherehani. Nilipeleka kitenge cha harusi ya mtoto wa wifi yangu, na fundi wangu ni yuleyule miaka yote, ana daftari lake la vipimo limechakaa mpaka jalada limetoka, kila mteja na ukurasa wake. Akapima, akaandika, akanyamaza. Fundi akinyamaza ujue kuna jambo. Nikamwambia hebu nipe nione hilo daftari. 2016 kiuno 33, nyonga 44. 2019 kiuno 35, nyonga 44. Siku ile sasa, kiuno 39, nyonga 44 na nusu. Yaani nyonga zimekaa zimetulia, kiuno ndo kimesafiri inchi 6 peke yake kama kina nauli yake.

Nilikuwa na miaka 53 na nilikuwa sijaona siku zangu mwaka na nusu. Baadae nikaja kuelewa kwamba lile daftari lilikuwa limeandika menopozi yangu yote vizuri kuliko mimi mwenyewe.

Kilichotokea ni hiki, nakieleza haraka ili ujue unapambana na nini. Kukoma hedhi kunahesabiwa ukishamaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako, wengi wetu inatufika kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inashuka, na hiyo ndo ilikuwa inapeleka mafuta kwenye nyonga na mapaja. Ikishuka, mafuta yanahamia tumboni, na sio yale ya kushika kwa mkono tu, kuna mengine yanajipanga kwa ndani kuzunguka ini na utumbo, na hayo ndo yanayokaribisha sukari na presha na matatizo ya moyo. Ndo maana unaweza ukawa na kilo zilezile na gauni bado likagoma kufunga zipu. Kilo zenyewe kupanda ni habari nyingine kidogo, hiyo inaletwa zaidi na umri na maisha, misuli inapungua taratibu, tunakaa sana, usingizi unaharibika, na sahani haijapungua hata kijiko. Inaongezeka kama nusu kilo hivi au zaidi kidogo kwa mwaka, huioni, mpaka miaka 10 ipite uone kilo 5 au 7 zimekaa tumboni unajiuliza zimetoka wapi.

Kwahiyo kazi ya kwanza, acha kuabudu mzani. Nunua tepu ya fundi, haifiki hata bei ya soda mbili. Asubuhi kabla hujala, simama wima, tafuta mbavu ya mwisho kwa kidole, tafuta mfupa wa nyonga kwa juu, katikati ya hapo ndo unazungusha tepu, toa pumzi kawaida, usibane tumbo maana unamdanganya nani. Kwa wanawake ikizidi sentimita 80, ambayo ni kama inchi 31 na nusu, hatari inaanza, ikizidi 88, karibu inchi 35, hapo hatari ni kubwa kweli. Mimi nilikuwa 39 kwahiyo sikuhitaji mtu kunifafanulia. Pima mara moja kwa mwezi, andika, funga daftari, endelea na maisha. Ukipima kila siku utapata stresi bure.

Sasa tuje jikoni, ambako ndo kwenye kesi yenyewe.

Nyumba yangu ilikuwa ya watu saba. Watoto wanne, mdogo wangu, mzee (mume wangu) na mimi. Sahivi tumebaki wawili. Lakini sufuria ilikuwa ileile, mwiko uleule, na mkono wangu unajua unga wa watu saba tu, miaka 25 mkono unamwaga unga bila kupima, ghafla uambie nyumba imekuwa ya watu wawili, hausikii. Matokeo yake kila siku kinabaki chakula, na chakula hakitupwi, tumelelewa hivo, kwahiyo kile kiporo nani anakula? Mama. Asubuhi wali wa jana na chai, mchana kipande cha ugali kilichobaki ili kisiharibike, jioni unaonja onja jikoni alafu unakaa mezani na wenzako unakula tena kama kawaida. Mi nilijihesabu siku moja tu kwa uaminifu nikakuta nakula mara tano na nilikuwa naapa kwa Mungu kwamba nakula mara tatu.

Dawa yake sio dayati, dawa yake ni sufuria ndogo. Sikutanii. Nilinunua sufuria ndogo na nikaanza kupima kwa kikombe cha chai cha kawaida: mchele kikombe kimoja kwa watu wawili, unga wa ugali kikombe kimoja na nusu kwa watu wawili. Wiki ya kwanza mzee aliuliza kama tumefilisika. Nikamwambia ongeza mboga, na kweli mboga ilikuwepo nyingi. Wiki ya tatu akaacha kuuliza. Na kama nyumbani kwako bado kuna watu wengi, basi chako pakua kwenye sahani yako kabla hamjaanza, kaa mbali na hotpoti, ile ya kuchota kidogokidogo kwenye sinia la pamoja huwezi kujua umekula kiasi gani hata ungekuwa mhasibu.

Sahani yenyewe iwe hivi: nusu mboga za majani au mboga nyingine, mchicha, matembele, bamia, kabichi, nyanya chungu, chochote cha sokoni. Robo ni protini. Robo iliyobaki ndo wali au ugali au ndizi au kiazi. Sisi tunafanyaga kinyume, mlima wa wali katikati, mboga imekaa pembeni kama mapambo, na mchuzi juu. Na jamani, wali na chapati na viazi kwenye sahani moja, kama zile za kwenye shughuli, hapo umekula wanga mara tatu, chagua kimoja.

Mafuta. Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo nilishtuka kuliko kote. Niliambiwa na nesi mmoja kwamba andika tarehe kwenye chupa ya mafuta siku unayoifungua. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika kwenye chupa ya lita moja. Iliisha siku ya 6. Lita moja, watu wawili, siku 6! Piga hesabu na mimi, hiyo ni kama mililita 80 na kitu kwa mtu kwa siku, gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga ina 4, kwahiyo kila mtu alikuwa anakunywa karibu kalori 700 za mafuta peke yake kila siku, bado hajagusa ugali. Sawa, mengine yalibaki kwenye kikaango, lakini hata ukitoa hayo bado ni balaa. Na mi nilikuwa nampigia kelele mzee aache nyama nyekundu.

Tatizo ni mkono tena. Tunamimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Sahivi mafuta yanapita kwenye kijiko cha chakula, vijiko viwili kwa sufuria nzima ya mboga, basi. Kitunguu kikianza kushika chini naongeza maji kidogo sio mafuta, nyanya zikiingia zinatoa maji yake zenyewe. Samaki nachemsha au nabanika, kukaanga ni Jumapili. Tui la nazi silikatai, mi mtu wa pwani siwezi kukuambia uache nazi nikaeleweka, ila nikiweka tui siweki mafuta mengine, kimoja kati ya viwili. Chupa ya lita moja inanifikisha wiki tatu sasa. Fanya hili la tarehe kwenye chupa hata kama hutafanya kingine chochote humu. Wewe unayenunua mafuta ya kupima kila jioni ndo hujui kabisa unatumia kiasi gani, tafuta chupa uweke ya wiki nzima.

Sukari ni fupi. Vijiko vitatu kwenye chai mara tatu kwa siku ni vijiko 9. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai vingine. Shirika la Afya Duniani linasema ukiweza kukaa chini ya gramu 25 kwa siku, kama vijiko 6, ndo vizuri zaidi. Mi nilishuka kutoka vitatu hadi kimoja kwa miezi miwili, nusu kijiko nusu kijiko, ulimi haukulalamika sana. Juisi ya matunda nayo msijidanganye, embe nne kwenye blenda alafu sukari juu, ungekula embe moja ukashiba. Na vikoba vyetu vya kila wiki, soda na sambusa na visheti, tuliongea kikundini tukabadilisha, sahivi ni maji na matunda na karanga kidogo, kuna mama mmoja alinuna mwezi mzima ila hakujitoa.

Bia nazo ni kalori, na waini ndo hivohivo, tena usiku zinachochea lile joto la ghafla la kukoma hedhi. Nimemaliza.

Protini sasa. Umri huu misuli inaondoka na usipoilisha inaondoka mbio, na misuli ndo inayokula sukari ya kwenye damu yako na ndo itakayokuinua kitini ukiwa na miaka 75. Lenga gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito, yaani mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 70 hadi 84 kwa siku. Usiogope hesabu: kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja ni kama gramu 25, mayai mawili kama 12, kikombe cha maharage yaliyoiva kama 15. Kisha dagaa! Dagaa wakavu ni protini na wanaliwa na mifupa yake kwahiyo unapata kalsiamu pia, na mifupa yetu baada ya hedhi kukoma inapungua uimara. Waoshe vizuri mchanga utoke, wachemshe na nyanya na ndimu, usiwazamishe kwenye mafuta wakawa chipsi. Kosa letu kubwa ni asubuhi, chai na maandazi mawili, protini sifuri, saa nne njaa inakukata unatafuta kitu. Kula yai, au kunde, au choroko za jana, utaona saa sita inafika hujatafuna kitu. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari wake kwanza kabla ya kuongeza protini.

Kwenye mazoezi watu watanichukia. Nimeona wenzangu wanakimbia Daraja la Tanzanite alfajiri wametoka jasho, alafu wanapita kupiga supu na chapati tatu kwasababu "nimefanya mazoezi". Kuna mtafiti wa Marekani, Herman Pontzer, yeye na wenzake walienda kukaa na Wahadzabe wa kule kwetu, karibu na ziwa Eyasi, wakapima nguvu, yaani kalori, wanayotumia kwa siku, utafiti ukatoka 2012. Wahadzabe wanatembea na kuchimba mizizi na kuwinda, ukaonekana kwamba ukilinganisha kwa ukubwa wa mwili, kwa siku nzima wanatumia nguvu sawa na Wamarekani na Wazungu waliokaa zao kwenye viti. Anaeleza kwamba mwili ukitumia sana huku unabana matumizi kule. Alafu 2021 yeye na timu kubwa wakatoa utafiti mwingine wa watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, wakaonyesha kwamba mwili hauchomi pungufu kati ya miaka 20 na 60, kushuka kunaanza baada ya 60 tena polepole. Kwahiyo ile kauli yetu kwamba "umri umeua, mwili wangu hauchomi tena" sio kweli. Mi ilinikasirisha, nilikuwa nimeizoea kama kisingizio.

Maana yake sio uache kutembea. Tembea, kwa ajili ya moyo, sukari, usingizi, na kuzuia kilo ulizotoa zisirudi, dakika 150 kwa wiki za mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 30 mara tano. Ila kupungua kwenyewe kunafanyika kwenye sufuria.

Mazoezi ambayo hatuyafanyi kabisa na ndo tunayahitaji zaidi ni ya nguvu, mara mbili kwa wiki, jimu sio lazima. Mi nafanyia sebuleni, mkeka na kiti na madumu mawili. Chukua kiti cha mbao, kama ni cha plastiki kiegemeze ukutani maana vinateleza na hatutaki msiba. Kaa, kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika, kaa tena taratibu bila kujitupa, mara 10. Pumzika, rudia mpaka raundi tatu. Magoti yakiuma weka mto kitini ili kiwe juu zaidi. Baada ya hapo simama unaangalia ukuta, weka viganja ukutani, jisukume kama unasukuma gari bovu, 10. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, inua nyonga juu, hesabu mpaka tano, shusha, 10. Mwisho madumu ya lita 5 yaliyojaa maji, moja kila mkono, hiyo ni kilo 5 na 5, tembea nayo uani mabega nyuma, dakika moja, weka, rudia. Ukiona unaongea na simu huku unafanya basi ni nyepesi, ongeza. Siku ya pili mapaja yatauma, kushuka ngazi utacheka mwenyewe, hiyo ni kawaida. Maumivu ya kifua au kizunguzungu sio kawaida, simama uende hospitali.

Usingizi nao unanenepesha, au tuseme kuukosa. Usiku joto linakupanda ghafla, unajifunua, unajifunika, unaamka saa nane uko macho, kesho yake njaa ya vitu vitamu inakuja kama deni. Lalia shuka la pamba na kanga nyepesi, nailoni weka pembeni, feni ikuelekee, kahawa na chai ya rangi mwisho saa tisa mchana, na chakula cha usiku kisogeze mapema kadri foleni itakavyokuruhusu. Kama joto linakutesa kiasi cha kutolala wiki nzima, kuna matibabu, zikiwemo dawa za homoni, muone daktari akuangalie kama zinakufaa maana sio kila mtu anaruhusiwa. Hizo dawa kwa ujumla hazinenepeshi kama wengi wanavyoogopa, ila na wewe usizichukue ukidhani ni za kupunguza tumbo.

Za mtandaoni sasa. Chai za kupunguza kitambi, nyingi zina sanamaki, unaenda chooni mara sita unapungua kilo mbili za maji na mavi, kesho zimerudi. Mkanda wa tumbo ni jasho tu. Maji ya ndimu na tangawizi kunywa ukipenda ladha, hayayeyushi chochote. Vidonge visivyo na maelezo ndo hatari haswa, vingine nje vimeandikwa mitishamba ndani wamekuta sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani 2010 kwasababu ya moyo na kiharusi. Nilishawahi kununua, nisiwe mnafiki, kwa dada mmoja anauza kwenye simu, siku mbili moyo ulikuwa unanidunda kama ngoma ya unyago, nikavitupa chooni na hela yangu. Zile sindano mpya za kupunguza uzito zipo na zinafanya kazi, lakini ni za daktari kukuandikia na kukufuatilia, sio za kununua kwenye mkoba wa mtu saluni.

Kabla hujaanza yote haya, pima sukari, presha, mafuta kwenye damu, na kama unachoka sana, unahisi baridi wakati wenzio wanapepea, nywele zinakatika, omba wapime na tezi ya shingo. Na kuna mambo ambayo sio ya kusubiri hata wiki: damu ikitoka tena baada ya mwaka mzima bila hedhi, hata tone, nenda. Tumbo likijaa haraka huku mikono na uso vinakonda, au unashiba kwa matonge mawili, nenda, hilo sio kitambi. Miguu ikivimba na pumzi inakata, nenda leo.

Swali la mwisho huwa ni "itachukua muda gani". Usilenge kurudi kwenye gauni la send-off yako. Lenga asilimia 5 kwanza, kama una kilo 82 hiyo ni kilo 4, na hapo tu presha na sukari vinaanza kukaa vizuri. Kuna mwezi hakuna kitakachosogea, mwezi wangu wa nne ulikuwa hivo, mzani umeganda, nikataka kurudisha sufuria kubwa, lakini tepu ilikuwa imeshuka nusu inchi kwahiyo nikavumilia. Na Ramadhani niliongeza kilo moja, nyie mnajua kaimati. Mimi miezi 9 imenitoa kilo 6, na juzi nilipeleka kitenge kingine, fundi akapima akaandika: nyonga 43, kiuno 36. Safari hii hakunyamaza, alilalamika kwamba itabidi anibanie na magauni ya zamani na hiyo kazi hataki maana hailipi.

Sufuria kubwa nimempa binti yangu wa Mbezi. Idi na Krismasi anakuja nayo, tukimaliza anaondoka nayo na kiporo kikiwa ndani.